Daftari Lililobaki Mkobani

Kwa miaka mingi nimefundisha katika vyuo vya kati hapa Mwanza, vile vinavyotoa astashahada na stashahada, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa mjumbe wa kamati ya nidhamu. Nimeona karatasi zilizokunjwa mara nane na kufichwa ndani ya kalamu, nimeona majibu yaliyoandikwa pajani, na nimesoma ripoti za mafunzo kwa vitendo zilizofanana hadi makosa ya tahajia. Hayo yote nilikwisha kuyazoea. Shauri moja tu ndilo lililonibadilisha, na ninaliandika leo kwa sababu chuo ninachofundisha sasa kinaandika upya kanuni zake za nidhamu na uaminifu wa kitaaluma, nami nimepewa kazi ya kuandaa rasimu ya sehemu inayohusu namna ya kumsikiliza mwanafunzi anayetuhumiwa.

Shauri lenyewe lilitokea katika chuo nilichofundisha zamani. Wanafunzi wa stashahada ya maendeleo ya jamii walikuwa wamerudi kutoka mafunzo kwa vitendo, na mkufunzi aliyesahihisha ripoti zao alikuta mbili ambazo sura ya pili ilikuwa moja, neno kwa neno. Ya kwanza ilikuwa ya kijana aliyedai kukaa wiki sita kwenye mwalo wa Igombe, pale wavuvi wanaposhushia samaki, pamoja na kikundi cha wanawake wanaokausha samaki. Ukurasa wa kumi na tisa aliandika kwamba kikundi hicho kinakausha dagaa na migebuka. Mtoto yeyote aliyekulia Kirumba angemwambia kwamba migebuka ni samaki wa Ziwa Tanganyika, na kwamba hakuna mvuvi wa ziwa letu aliyewahi kuwavua hapa. Ripoti ile ilikuwa imetoka Kigoma. Aliinunua steshenari, akabadilishiwa jina la mwandishi, jina la mwalo na mwaka, lakini aliyebadilisha hakujua kwamba samaki nao wana kwao.

Ripoti ya pili ilikuwa ya binti mmoja. Sura yake ya mapitio ya maandiko ilitoka kwenye desa lile lile, yaani maandishi ya wengine yanayopitishwa kwa wanafunzi wayanakili, kwa hiyo mkufunzi aliziambatanisha ripoti zote mbili kwa pini moja na kuzileta kwetu kama kosa moja.

Tulikutana alasiri, baada ya vipindi. Kila mmoja alipewa takriban robo saa. Mwenyekiti alisoma tuhuma kwa Kiingereza kutoka kwenye kitabu cha kanuni, kisha akamuuliza binti yule kwa Kiswahili, “Je, ni kweli sura hii umeinakili?” Naye akajibu, “Ndiyo, mwalimu,” kwa sauti ya mtu anayethibitisha kwamba ametimiza alichotumwa. Tulichukua jibu hilo kuwa kukiri kosa. Tukamwambia atoke nje, tukakubaliana kwamba wote wawili warudie mwaka, na karatasi ya uamuzi ikazungushwa mezani kwa ajili ya saini. Niliisaini. Sikuwa nimesoma ripoti ya binti yule kupita ile sura ya pili.

Wiki mbili baadaye alikuja ofisini kwangu na fomu ya kuondoka, ile inayosainiwa na maktaba, bweni, uhasibu na wakufunzi. Akanisalimia, “Shikamoo, mwalimu,” nikaitikia na kuomba kalamu. Kabla sijasaini alifungua mkoba wake, akatoa kaunta buku lenye jalada gumu na kuliweka juu ya meza yangu. Jalada lilikuwa na madoa ya mafuta, na pembeni mwa kurasa palikuwa pameganda magamba madogo ya dagaa, yanayong’aa kama vumbi la kioo. Nilipolifunua nilikuta siku zote arobaini na mbili zimeandikwa kwa mkono wake. Kila siku palikuwa na idadi ya ndoo zilizonunuliwa kutoka kwenye mitumbwi, bei ya ndoo, na kiasi kilichokauka. Palikuwa na mchoro wa chanja ya kuanikia, vipimo vyake vimehesabiwa kwa hatua za miguu. Kuna siku ambazo alikuwa ameandika neno moja tu, “hakuna”, na chini ya ya kwanza kati ya hizo alieleza kwa Kiswahili kwamba usiku wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa kuwa mwanga wa mwezi unazishinda taa zao na dagaa hawakusanyiki. Palikuwa na maneno ya mama mmoja aliyemweleza jinsi mvua inavyowakuta dagaa wakiwa wameanikwa mchangani, wanavyoharibika, na kwamba kinachobaki huuzwa kwa bei ya chini kuwa chakula cha kuku.

Nikamuuliza kwa nini hakulionyesha daftari lile mbele ya kamati. Akasema, “Lilikuwa mkobani, mwalimu. Hamkuniuliza.”

Muda wa kukata rufaa ulikuwa umekwisha. Ulikuwa umeandikwa kwenye kitabu kile kile cha Kiingereza, karibu na mwisho, na hakuna aliyemweleza kwamba upo. Nilikwenda kwa mkuu wa chuo kuomba shauri lifunguliwe upya, nikajibiwa kwamba uamuzi umekwisha kupelekwa ofisi ya taaluma. Alirudia mwaka.

Nimefikiri sana juu ya jibu lake la “ndiyo”, na naamini kiini cha jambo hili kiko ndani ya neno tulilomuulizia. Katika shule zetu za msingi, mwalimu akishajaza ubao hugeuka na kusema, “Nakilini.” Mtoto anayenakili vizuri, bila kuruka mstari wala nukta, hupata alama ya vema kwa kalamu nyekundu na husifiwa mbele ya wenzake. Akifika sekondari anakutana na masomo kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wetu huku Kanda ya Ziwa huifikia tukiwa tumekwisha kupita Kisukuma, Kikerewe au Kijita na kisha Kiswahili, na hapo kunakili kunakuwa njia pekee ya kuvuka salama, kwa sababu sentensi ya kitabu ni sahihi na sentensi yake mwenyewe ina hatari. Kwa miaka kumi na mmoja au zaidi tumemlipa mtoto huyu kwa kunakili. Kisha anaingia chuoni, na katika wiki ya kwanza anapewa kitabu chenye kurasa nyingi kinachomwambia, kwa lugha ambayo bado inamsumbua, kwamba kitendo kile kile sasa kinaweza kumfukuzisha. Simtetei mtu aliyeiba kwa kujua. Ninachosema ni kwamba binti yule alisikia swali moja na sisi tukasikia jibu la swali jingine.

Wala si kweli kwamba jambo la kutaja mwenye maneno ni geni kwetu. Mzee anayetoa methali barazani huanza na “wahenga walisema”, hajifanyi kuwa yeye ndiye aliyeitunga. Msimulizi wa hadithi husema alisimuliwa na bibi yake, na akisimulia tofauti na bibi, husema pia kwamba hapa ameongeza lake. Anayeleta habari kutoka sokoni huulizwa, “Umesikia kwa nani?” na asipojibu habari yake haipokelewi. Mwanafunzi anayajua haya yote tangu nyumbani. Hakuna aliyemwonyesha kwamba tanbihi na mabano yenye jina la mwandishi na mwaka ni adabu ile ile iliyovaa nguo nyingine. Siku hizi, katika wiki ya kwanza ya muhula, huwa nawapa aya moja fupi kuhusu mikopo ya vikundi, nawaambia waifunge na kunieleza kwa Kiswahili ilichosema, kisha waandike walichonieleza na kutaja walikokipata. Inachukua saa mbili, na darasa zima huchoka. Lakini baada ya hapo mwanafunzi hawezi kusema hakujua, nami siwezi kumwadhibu kwa jambo ambalo sikumfundisha.

Kuhusu usikilizaji wenyewe, rasimu yangu inaanzia kwenye Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977. Ibara ya 13(6)(a) inataka kwamba pale haki na wajibu wa mtu vinapoamuliwa na mahakama au chombo kinginecho kinachohusika, mtu huyo apewe fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu, pamoja na haki ya kukata rufaa. Nawaomba wakufunzi wenzangu wayatazame maneno mawili hapo: “chombo kinginecho” na “kwa ukamilifu”. Kamati ya nidhamu ya chuo cha stashahada, hata ikikaa kwenye chumba cha mikutano chenye viti vya plastiki, inaamua haki ya mtu. Na robo saa yenye swali moja haiwezi kuitwa ukamilifu.

Kanuni hii ni ya zamani kuliko vyuo vyetu vyote. Mwaka 1718 Chuo Kikuu cha Cambridge kilimvua shahada zake Richard Bentley, msomi mkubwa na mtu mgomvi kweli kweli, bila kumwita ajitetee. Shauri lilipofika mahakamani, mwaka 1723 majaji waliamua kwamba chuo kilikosea, na mmoja wao alikumbusha kwamba hata Mungu hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita na kumuuliza alikuwa wapi na kama amekula tunda la mti aliokatazwa. Huwa nawasimulia wajumbe wapya kisa hiki, nao hukikumbuka kuliko kifungu chochote cha kanuni. Mungu aliyejua yote aliuliza. Sisi tusiojua kilichomo ndani ya mkoba wa mwanafunzi tunasitaje kuuliza?

Kwa hiyo nimeandika kwamba barua ya tuhuma itolewe kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza, ieleze ni kurasa zipi zinazotiliwa shaka na zimefanana na nini, na imfikie mwanafunzi angalau siku saba kabla ya kikao. Nimeandika kwamba aliyegundua kosa aje kama shahidi, atoe ushahidi wake, atoke, asibaki kuamua, kwa sababu mtu hawezi kuwa mlalamikaji na hakimu katika meza moja. Mwanafunzi aruhusiwe kuja na mtu mmoja wa kumsindikiza, awe kiongozi wa serikali ya wanafunzi, ndugu, au rafiki tu wa kukaa pembeni yake ili magoti yasitetemeke. Uamuzi uandikwe pamoja na sababu zake, na aya ya mwisho ya barua ya uamuzi itaje rufaa inapelekwa wapi na mwisho wake ni tarehe gani. Nimeombwa niondoe kipengele cha tarehe kwa sababu eti kinawashawishi wanafunzi kukata rufaa. Sijakiondoa na sitakiondoa.

Lililo kubwa zaidi ni kwamba kamati lazima imuulize mwanafunzi kuhusu kazi yake. Tungemuuliza yule kijana kwa nini siku fulani chanja zilikuwa tupu, asingekuwa na jibu, kwa sababu hakukanyaga mwalo. Tungemuuliza binti yule swali hilo hilo, angetueleza habari za mbalamwezi hadi jua likatua. Dakika tano za mazungumzo ya namna hiyo zingetuonyesha kwamba mbele yetu kulikuwa na makosa mawili tofauti. Mmoja alinunua wiki sita za maisha ambazo hakuziishi. Mwingine alifanya kazi yake kwa uaminifu kuliko wengi, akashindwa kuandika mapitio ya maandiko, akaazima sura asiyoielewa. Huyu wa pili alistahili kurudishiwa ripoti, kupunguziwa alama za sura hiyo, na kufundishwa. Kumpa adhabu sawa na ya kijana yule, kwa kuwa tu karatasi zao zilifungwa kwa pini moja, ni uvivu wetu.

Kwa yule kijana sina huruma ya ziada, na nasema hivi ili nisieleweke vibaya. Afisa maendeleo ya jamii ndiye atakayeketi na kikundi cha wanawake kuhesabu akiba yao, na neno lake ndilo litakaloamua kikundi kipi kipendekezwe kupata mkopo wa halmashauri. Akizoea kuandika watu ambao hakuwaona, kuna siku wanawake walio hai watanyimwa haki yao kwa sababu ya maandishi yake. Adhabu ya kurudia mwaka ilimfaa. Na hao wanaouza ripoti karibu na mageti ya vyuo, wakizitoa kwenye flashi kama mtu anavyopima sukari, wanajua wanachokifanya; ila kanuni za chuo haziwafikii, kwa hiyo dawa iliyo mikononi mwetu ni kudai ripoti kwa vipande, sura moja baada ya nyingine, na kumtaka kila mwanafunzi aje na daftari lake la kila siku lililosainiwa na mlezi wake wa huko alikopelekwa.

Sasa kuna mashine, na hapa ndipo nina wasiwasi zaidi. Tangu ChatGPT itolewe mwezi Novemba 2022, kazi zisizo na kosa hata moja la sarufi zimeongezeka mezani kwangu, na baadhi ya wenzangu wameanza kuziingiza kwenye programu zinazodai kutambua maandishi ya akili mnemba, kisha kuleta asilimia kwenye kamati kana kwamba ni cheti cha daktari. OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, iliiondoa programu yake yenyewe ya utambuzi mwezi Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba za aina hiyo kwa insha 91 za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilihesabiwa kimakosa kuwa zimeandikwa na mashine. Watu hao ndio wanafunzi wetu. Mtu anayeandika kwa tahadhari, kwa maneno machache anayoyamudu, huonekana kwenye mashine kama mashine. Hata ile asilimia ya mfanano inayotolewa na Turnitin, programu ya kulinganisha kazi ya mwanafunzi na maandishi mengine, huhesabu nukuu halali na orodha ya vitabu, na mtu mwenye macho lazima aketi na kuisoma kabla ya kuiita wizi. Nimeandika kwenye rasimu kwamba hakuna asilimia ya programu yoyote itakayotosha peke yake kumtia mwanafunzi hatiani. Imuanzishie mkufunzi maswali, halafu maswali yenyewe yaulizwe uso kwa uso.

Kuna jambo jingine ambalo wenzangu hawakufurahi nilipoliingiza. Uaminifu wa kitaaluma hauwezi kuwa mzigo wa mwanafunzi peke yake. Mkufunzi anayesoma darasani kurasa za watu bila kuwataja, anayetunga mtihani ule ule kila mwaka hadi ukauzwa kwa desa, anayetoa alama bila kusoma ripoti, naye amevunja kanuni, na panapaswa kuwa na mlango wa kumlalamikia ambao mlalamikaji hatapita akiogopa sapu, yaani kufelishwa na kurudia mtihani. Anayedai ngono ili atoe alama hashughulikiwi na kamati yetu tu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inalitaja hilo kuwa kosa la jinai, na mahali pake ni TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa. Nimependekeza maneno hayo yachapishwe kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu cha kanuni, kabla ya mavazi, kabla ya saa za kurudi bweni.

Na kuhusu mavazi na bweni, niseme kwa ufupi tu: makosa ya tabia yaamuliwe kama makosa ya tabia. Mwanafunzi aliyemjibu mkufunzi vibaya aombe radhi, apewe onyo, asimamishwe ikibidi, lakini asipunguziwe alama za hesabu, kwa maana alama husema anachokijua, na alama iliyopunguzwa kwa hasira ni taarifa ya uongo iliyoandikwa na mwalimu.

Wapo wanaoniambia kwamba nawadekeza, kwamba wanafunzi wakishajua kuna siku saba, msindikizaji na rufaa, hakuna atakayeogopa tena. Nawajibu kwamba kwa miaka yote ya robo saa tulikuwa tukiogopwa sana, na steshenari ziliendelea kuuza.

Fomu mpya ya kamati, ambayo tumeanza kuijaribu muhula huu kabla rasimu haijapitishwa na bodi, ina swali jipya la kwanza, linaloulizwa kabla tuhuma haijasomwa: “Je, umekuja na kitu chochote unachotaka kamati ikione?” Alhamisi hii tulikuwa na shauri la kijana wa mwaka wa pili ambaye kazi yake ya uhasibu imefanana na ya mwenzake. Jana alileta barua ya mkono akiomba tusubiri, kwa kuwa kaka yake anayetaka kumsindikiza yuko Ukerewe na atapanda meli ya Nansio mwishoni mwa wiki, na kwa kuwa madaftari yake ya mazoezi aliyaacha huko nyumbani. Tumesogeza kikao hadi Jumanne.